Kaseti ya Kwenda Ulaya

Barua kutoka Ubelgiji ilikuwa na masharti matatu, na Hadidja binti Bulaimu alikwisha kuyatimiza mawili na bado alikuwa hai. Sharti la kwanza lilikuwa pasipoti, iliyomla miezi minane, safari mbili za Bukavu na picha kumi na mbili za uso wake, kila moja ikiwa na huzuni zaidi kuliko iliyoitangulia. La pili lilikuwa cheti cha daktari. La tatu lilikuwa dogo, mstari mmoja tu chini ya ukurasa, na hilo dogo ndilo lililomtoa jasho.

Profesa aliyeandika barua ile alitaka kaseti. Alikuwa anatafuta msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni kwake kwa miaka miwili, mtu wa kukaa na wanafunzi kila siku na kuwazoeza kusikia na kusema, na kati ya watu sita alikuwa amemchagua Hadidja, mwalimu wa sekondari mjini Kindu. Lakini kwanza apokee dakika arobaini na tano za watu wa Kindu wakizungumza "kama wanavyozungumza siku zote, pasipo kujua kwamba kuna anayewasikiliza". Masomo yangeanzia kwenye kaseti hiyo. Isipofika kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Hadidja aliposoma mstari ule alicheka. Watu wa Kindu wazungumze! Katika mji ambao huwezi kununua chumvi bila kuulizwa hali ya shangazi yako, kuna kazi gani hapo? Akaenda moja kwa moja dukani kwa Xavier.

Xavier alikuwa Mkristo wa kutoka Butembo, mwenye duka la vipuri vya baiskeli karibu na stesheni na lori moja lililokwenda Kailo likirudi na mchele. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Kakule tu, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini hakuna aliyemwita Kakule isipokuwa polisi. Alimsikiliza Hadidja mpaka mwisho, akainama chini ya meza, akatoa redio-kaseti yake mwenyewe, kipaza sauti chenye waya, betri, na kaseti mbili zikiwa bado kwenye nailoni.

"Chukua, mwalimu. Shemeji yangu anapanda ndege ya Kinshasa siku ya ine. Ataifikisha kwa ubalozi na mukono yake."

"Yaya Xavier," Hadidja alisema, maana kwao ndivyo kaka mkubwa anavyoitwa, "nitakulipa nini?"

"Mutoto yangu Nestor, nani alimufundisha kusoma? Si wewe? Basi enda, usinipotezee wakati."

Hadidja alitoka dukani akiwa na mzigo mkononi na shukrani tele moyoni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Siku ya nne, yaani Alhamisi, ilikuwa mbali bado.

Alianzia mtaani kwao, kwa wazee waliokuwa wakicheza dama mbele ya nyumba ya Tambwe. Tambwe alikuwa mkubwa wa chama katika mtaa ule, mtu mwenye tumbo la heshima na abakosti, lile koti la enzi ya chama lisilovaliwa na tai, la rangi ya majivu, na siku zote wazee wale walikuwa wakigombana juu ya kete mpaka mbuzi wanakimbia. Hadidja akakaa pembeni, akatoa kipaza sauti.

Nani asiyejua? Miaka ile kipaza sauti kilikuwa mali ya chama. Mtu wa Zaire akikiona, miguu yake ilisimama kabla ya akili. Wazee wote wakainuka, kete zikamwagika, Tambwe akakohoa, akauliza kwa sauti ya mkutano nchi ni ngapi, na wazee wakajibu kwa pamoja, kwa Kilingala, kwamba ni moja. Akauliza chama ni vingapi. Kimoja. Wakapiga makofi, wakacheza hatua mbili mbele na mbili nyuma, magoti yao yakilia. Dakika kumi na moja, wala hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili.

"Baba Tambwe," Hadidja alisema kwa adabu, "nilitaka tu museme mambo yenu ya kila siku."

"Hii njo mambo yetu ya kila siku," Tambwe alijibu, naye hakuwa anatania.

Siku ya pili akaenda sokoni. Huko, aliwaza, hakuna wa kusimama, kila mtu ana biashara yake. Akaficha chombo ndani ya kikapu, lakini waya ulichungulia, na mwuza samaki wa kwanza akauona. Neno likapita sokoni haraka kuliko moshi: mkaguzi wa bei amekuja, na safari hii amekuja na mashine. Hapo hapo samaki wakashuka bei. Mafuta ya mawese yakashuka. Wanawake ambao jana walikuwa wakimtukana mteja mpaka kwa bibi yake leo wakasema kwa Kifaransa cha shule, "Bonjour, citoyenne," yaani habari za asubuhi, mwananchi, na kutaja bei ya serikali bila kuongeza hata kidogo. Hakuna aliyebishana na hakuna aliyeapa kwa Mungu. Wanunuzi walipong'amua wakavamia, na nusu saa baadaye soko lilikuwa tupu, na Hadidja alikuwa ameharibu siku ya watu hamsini huku akitajirisha mia mbili. Wapo wanaomshukuru mpaka leo.

Jioni akajaribu kwa mwalimu Masudi, aliyemfundisha Kurani utotoni. Yule mzee alikubali kwa furaha. Akavaa kanzu, akasafisha koo, akasoma dua ndefu, kisha akaanza Kiswahili cha babu yake aliyekuja na misafara kutoka pwani, Kiswahili cha kupakwa marashi, ambacho yeye mwenyewe hakukitumia hata kumwitia mbuzi wake. Kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa kizuri kiasi kwamba hakuna mtu Kindu aliyewahi kukisema.

Basi akabaki mama.

Mwanahamisi, mama yake Hadidja, alikuwa akiuza mikate ya mchele asubuhi na kuchagua mchele alasiri, na katikati ya kazi hizo mbili hakunyamaza. Alizungumza na kuku, na sufuria, na mvua. Mtu angempa Hadidja dakika arobaini na tano za mama yake tu, kazi ingekuwa imekwisha. Lakini Hadidja alikuwa hajathubutu kuomba, na alijua kwa nini.

Baba yake, Bulaimu, alikuwa karani wa reli mwenye sauti iliyovuka mto. Mwaka ule wa uasi, waasi waliouteka mji walimtafuta mtu wa sauti nzuri, wakampa kipaza sauti, wakamwambia awaombe watu wafungue soko. Akawaomba. "Fungueni soko, watoto wanalala njaa," basi, hakuongeza neno. Jeshi la serikali liliporudi liliuliza ni nani yule mwenye sauti. Walimchukua akiwa amevaa kandambili, akasema anarudi sasa hivi. Hadidja alikuwa na miaka kumi. Sasa ilikuwa miaka kumi na mitatu imepita, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanahamisi hakuwahi kusema neno mbele ya kipaza sauti, si kwenye mikutano, si harusini, hata kumtakia heri bibi harusi.

Kuhusu safari yenyewe hakukataa. Alisuka mkeka, alinunua blanketi, alimwuliza Xavier kama Ulaya kuna mchele. Ila neno moja hakulitoa. Kwao mtoto hasafiri mbali bila radhi ya mama, itamkwe kwa mdomo na isikiwe kwa sikio, na kila Hadidja alipokaribia jambo lile, mama aligundua kwamba kuku wameingia jikoni. Radhi ni bora kuliko mali, na Hadidja angeacha pasipoti na blanketi na Ubelgiji nzima kuliko kuondoka bila hiyo.

Jumatano mchana akajikaza.

"Mama, unisaidie. Useme tu kidogo, kama unasema na kuku."

Mwanahamisi aliangalia kile chombo kwenye kigoda kana kwamba kilikuwa na meno.

"Hadidja, mutoto yangu, niombe kintu ingine. Sauti yangu haitaingia mule."

"Ndiyo, mama." Hakusihi. Mama naye akajifunga kitambaa akatoka, na uani pakawa kimya.

Hadidja akakaa mbele ya kigoda. Aliona hakuna jingine ila kumwambia profesa ukweli. Akarudisha kaseti mwanzo, ile ile ya kina Tambwe, akabonyeza vitufe viwili, akaanza: "Mheshimiwa Profesa, nasikitika kukuarifu…"

"Citoyenne Hadidja!" Ilikuwa sauti ya Tambwe, langoni. "Kuja na karatasi yako! Ile mashine iko na ruhusa ya nani?"

Akavuta kitenge cha mama kilichokuwa kambani, akafunika chombo, akakimbia.

Saa nzima Tambwe alimweka barazani kwake. Aliuliza mashine ni ya nani, kaseti inakwenda kwa nani, Wazungu wanataka nini na maneno ya watu. Hadidja alijibu kwa unyenyekevu, akiona safari yake ikining'inia kwenye kidole cha mtu yule. Mwishowe Tambwe akavuta kiti karibu.

"Sasa, kule Ulaya, wale wanafunzi watasikia sauti yangu?"

"Huenda, baba."

"Andika basi kwa ile barua: ruhusa ilitoka kwa Tambwe. Uandike muzuri. T, A, M…"

Kumbe alichotaka kilikuwa hicho. Hadidja aliandika mbele yake, akapigiwa muhuri, akarudi nyumbani. Uani hapakuwa na mtu. Akainua kitenge. Kitufe cha kurekodi kilikuwa kimeruka juu chenyewe, kaseti imefika mwisho. Ndipo akakumbuka kwamba hakuizima.

Akasema neno ambalo mwalimu hasemi. Kaseti ya pili ilikuwa na dua ya mwalimu Masudi, hii ya kwanza sasa ilikuwa na kuku. Alirudisha mwanzo ili aone kama kuna cha kuokoa, akaketi juu ya mkeka wake mpya, akasikiliza.

Sauti yake mwenyewe, "nasikitika kukuarifu". Tambwe. Miguu ikikimbia. Kuku, muda mrefu. Kisha nguo ikisuguliwa, pumzi ya mtu, na kimya kirefu kiasi kwamba Hadidja alidhani betri zimekufa. Halafu mama yake, kwa sauti ya kuita kule ng'ambo ya ua:

"Mama Léontine! Kuja huku na lungo yako! Leo tutachagulia muchele hapa."

Léontine alikuwa jirani yao, mjane wa fundi wa reli, rafiki wa mama wa kila alasiri.

"Hapo? Mama Hadidja, hapo jua njo inapiga!"

"Kaa tu. Jua ya alasiri haiue muntu."

Mchele ukaanza kurushwa kwenye nyungo, shwa, shwa, na wale wanawake wawili wakaanza kusema. Walisema habari za mvua ya huko Pangi, za mtoto wa fulani aliyeoa bila kuwaambia wajomba. Mwuza samaki akapita, na Mwanahamisi akabishana naye bila huruma, akamwondoa mara mbili, akamwita mara tatu, akaapa, akacheka, akamwuliza hali ya mkewe. Hadidja aliziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa ndiyo ile, ile ile aliyoitafuta siku tatu.

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu.

"Mama Léontine, hii tunaita je?"

"Hii nini?"

"Hii nashika kwa mikono."

"Lungo! Umesahau lungo?"

"Na ile ndogo-ndogo, ile inavunjika?"

"Chenga."

"Na ile tunatupia kuku?"

"Pumba. Mama Hadidja, leo umekunywa nini?"

"Chai. Sasa uniambie pole-pole namna unapikaka sombe, tangu kutwanga majani ya muhogo."

"Sombe? Wewe njo ulinifundisha!"

"Sema tu. Nataka kusikia kama ulishika muzuri."

Na Léontine akasema, kutoka majani mpaka mafuta, akiudhika kidogo, jambo lililomfanya aseme vizuri zaidi. Mara moja alianza habari ya tumbo la Tambwe na mahali linakopata nyama. Mwanahamisi akakohoa kama mtu aliyepaliwa.

"Acha mambo ya wakubwa. Mbuzi yako ilizaa?"

Hadidja aliacha kucheka. Akasogea karibu na chombo.

Léontine aliaga, wakasindikizana kwa maneno, kama kawaida, mara nne. Nyayo za mama zikarudi. Kigoda kingine kililia. Na sauti ikaja karibu sana, ya chini, sauti ambayo Hadidja aliijua tangu alipokuwa na homa za utotoni.

"Hadidja. Mi nilikuja kutafuta kitenge yangu. Naikuta imefunika hii kintu, na magurudumu yake inazunguka. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nikasema, basi, na mimi leo nitafundisha.

"Baba yako walimupa kisemeo, akasema watu wafungue soko. Haikuwa neno mubaya. Hii miaka yote nilikuwa namukasirikia. Nilikuwa nasema, juu ya nini hakunyamaza? Leo nimekaa hapa na woga yangu nikamuelewa. Watoto walikuwa na njaa. Muntu anasema juu ya watoto.

"Wale wa kule uwaambie mama yako anawasalimia. Wakusikilize muzuri, wakupe chakula ya moto. Na wewe, mutoto yangu, radhi yangu nakupa, ya maziwa na ya mugongo, yote, sibakishe hata kidogo. Enda. Na kule kwa baridi, Hadidja, usi—"

Kitufe kikaruka.

Alikaa pale na uso umelowa, asijue aanze kushukuru wapi. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru Xavier na betri zake. Alimshukuru hata Tambwe, mara ya kwanza na huenda ya mwisho, kwa kumweka saa nzima. Kisha akasikia mama akirudi kutoka kisimani na ndoo, akaenda, akampokea, akapiga magoti pale pale kwenye tope na kuishika mikono yake miwili.

Mwanahamisi aliangalia pembeni, kwa kuku.

"Imeingia?"

"Imeingia yote, mama."

"Na pumba?"

"Na pumba."

"Ah. Basi inuka, unachafua nguo."

Alhamisi asubuhi walikwenda wote wawili uwanja wa ndege, na Xavier akawapakia kwenye lori juu ya magunia matupu. Xavier alikuwa na chombo kimoja tu cha kaseti, na mjini hapakuwa na mtu wa kuirudufu siku ile. Iliyokuwa mkononi mwa Hadidja ilikuwa peke yake duniani. Shemeji yake Xavier alinyoosha mkono. Hadidja hakuiachia.

"Mama, na kama ikipotea? Ni sauti yako."

"Mimi niko hapa na ingine," Mwanahamisi alisema. "Mupe. Ile itakutangulia. Ukifika utaikuta, haitakuwa kule ugeni sana."

Akampa. Ndege ikaondoka na vumbi lake, na wiki tano baadaye ikaja telegramu ya maneno manne: kaseti nzuri sana, njoo. Tambwe aliisoma mbele ya wazee wa dama kana kwamba ni yeye aliyealikwa.

Siku moja kabla ya kuondoka kwake, Hadidja alikaa na mama kivulini, kila mmoja na ungo wake. Mizigo ilikuwa imefungwa. Alikuwa amevumilia muda mrefu, sasa akashindwa.

"Mama, mwisho wa kaseti ulisema 'kule kwa baridi, usi', ikakatika. Nisifanye nini?"

Mwanahamisi alirusha mchele juu, akaudaka, akapuliza pumba. Alikumbuka vizuri sana, hilo lilionekana kwenye mdomo wake.

"Nitakuambia siku utarudia hapa nyumbani."

Kisha akamsogezea rundo lililobaki, maana jua lilikuwa linazama na mchele ulikuwa bado mwingi.